Kikohozi cha Baba Mkwe

Mtu akikuambia anahamia kwa wakwe, mwulize kwanza kama anajua kulima. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa muuguzi. Nilisomea kazi hiyo Kigoma, nikaifanya kwenye zahanati ya kwetu mpaka mikono ikaizoea yenyewe, na huko huko nikaolewa na Mkongomani aliyevuka ziwa na wajomba zake wakati wa vita, akiwa mdogo. Wazazi wake walibaki Kabambare. Mama yake alipofariki na baba yake akabaki peke yake na mashamba, mume wangu akasema turudi. Yeye alikuwa anarudi, mimi nilikuwa nahama nchi. Hilo hatukulijadili.

Sare yangu nyeupe niliipiga pasi nikaiweka chini kabisa ya begi. Tukavuka ziwa, tukapanda lori, lori likakwama, tukamalizia kwa pikipiki kwenye njia ambayo mbuzi wa kwetu wangeikataa. Njia nzima nilikuwa najipa moyo. Wagonjwa wako kila mahali, nilijiambia, kazi haitakosekana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wahenga walivyosema, na mimi nilikuwa nimesomea kabisa huko kuponya. Nani angenikataa?

Nilikataliwa. Mkuu wa kituo cha afya, kule wanamwita titulere, alinipokea vizuri, akanipa kiti, akakigeuza cheti changu mbele na nyuma. Kimeandikwa Kiingereza. Pale kila kitu ni Kifaransa, kuanzia kadi za wagonjwa mpaka ripoti, na Kifaransa changu kilikuwa cha kusalimia tu. Akaniambia labda niwaone wakubwa wa afya mjini Kasongo, labda nirudie masomo, na nikiwa nasubiri naweza kuja kumsaidia kufagia na kuchemsha vyombo, bila ahadi yoyote. Nikamjibu kwamba vyombo vichafu hata nyumbani ninavyo. Nikatoka. Hasira hizi nimezaliwa nazo. Mama yangu alisema zitanilaza njaa, na kidogo zinilaze.

Basi nikapewa jembe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi langu sikulisubiri hiyo ya tatu. Nililima muhogo na karanga, mgongo ukaniuma mahali ambapo sikujua kama nina mgongo. Mume wangu alikaa nasi kidogo, kisha akaenda Salamabila, kule kwenye dhahabu, kuwauzia wachimbaji sabuni na mafuta na nguo. Akawa mtu wa kuja na kuondoka. Nyumbani tukabaki mimi na baba mkwe, nyumba mbili, ua mmoja.

Sasa niseme jinsi tulivyoishi, maana mtu wa mjini anaweza kudhani tulikuwa tumegombana. Katika ukoo wao baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Hawagusani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, mmoja hakai kwenye kiti cha mwenzake. Hata kwetu heshima ya ukwe ipo, lakini ya kwetu inacheka kidogo; ya kwao haikuwa na mchezo. Mzee akitaka kuingia uani alikohoa kwanza. Kikohozi kimoja kikavu, cha kuomba njia. Mimi nikikisikia nilikuwa nainamisha kichwa na kusogea pembeni, yeye anashusha kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi, anapita. Chakula nilikiweka kwenye kigoda mlangoni kwake, bukari, ndiyo ugali wao, na sombe, kisamvu cha kwetu, vimefunikwa, nikaondoka. Akishakula alikiacha chombo pale pale, kimeshaoshwa. Mwanamume wa umri ule, anaosha sahani! Majirani walimcheka, yeye hakujali.

Mazungumzo yetu tuliyafanya kupitia ukuta. Jioni alikaa nje, mgongo umeegemea ukuta wa jiko, mimi nipo ndani na moto wangu. Kupitia ule udongo tuliongea kila kitu: mvua, nguruwe waliokula muhogo, marehemu mkewe, kwetu Kigoma na samaki wake. Sijawahi kuongea na baba yangu mzazi vile. Ningekutana naye sokoni Kasongo, sijui kama ningemjua kwa sura. Sauti yake ningeijua hata katikati ya matanga.

Ipo njia ya kulegeza mwiko huo. Mtoto wa kiume anatoa mbuzi, wazee wanakaa, maneno yanasemwa, na baada ya hapo mkwe anaweza kumhudumia mzee kama binti yake. Lakini lazima atoe mume, si mwingine. Kila mume wangu alipokuja nilimkumbusha, na kila mara alisema nikirudi kutoka Salamabila. Alirudi, akaenda, akarudi. Mbuzi walikuwepo.

Siku moja, kupitia ukuta, mzee akaniuliza kama ni kweli najua kudunga sindano. Nikamwambia najua, na kuzalisha najua, na kushona jeraha najua. Kumbe ameshafanya shauri lake. Siku ya soko iliyofuata alivaa koti, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa pale kituoni, kofia juu ya magoti. Zamu yake ikafika, titulere akamwuliza anaumwa nini. Akajibu haumwi kitu, akarudi nyumbani. Soko lililofuata akaenda tena. Na tena. Wagonjwa wakaanza kumzoea, wanamtania kwamba mzee ameoa benchi. Mwishowe titulere akachoka, akamwambia, baba, sema shida yako basi. Jibu lake lilizunguka Kabambare nzima, mpaka leo watu wananirudishia:

"Shida yangu ni hii: mimi niko na munganga ku nyumba, na anapalilia muhogo."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nilianza kwa kupima watoto uzito, kisha nikapewa sindano, kisha akina mama wa kujifungua. Kifaransa cha kadi nilijifunza kwa macho, kama mtu anavyojifunza njia ya kisimani. Titulere hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mmoja aliyeachiwa kazi ya watu watano. Kabla sijaja, mkutano wa kila mwezi wa Kasongo ulimshinda. Angemwachia nani kituo? Palikuwa na yeye, na mlinzi wanayemwita sentinele, basi. Nilipokwisha kuzoea, akaanza kwenda mikutanoni. Akirudi ananiletea chumvi, na habari za mjini, na dawa zilizochelewa.

Na mzee, jamani! Alikuwa anakaa barabarani mchana, na kila aliyepita na mtoto mgongoni alielekezwa: nenda pale, kuna munganga wa Tanzania, mkono wake mwepesi. Mimi nikirudi na sare yangu nyeupe namsikia kwa mbali anaongea, halafu ananisikia viatu, anakohoa, anashusha kofia. Chini ya kofia meno yanaonekana. Nilikuwa na furaha siku zile, na sioni aibu kuisema.

Ugonjwa wake aliuficha. Mzee anayeosha sahani yake mwenyewe, nani angejua kwamba anaamka mara ngapi kwenda nyuma ya nyumba? Mimi niligundua kwa chakula. Kigoda kikawa kinarudi na bukari nusu, baadaye bukari nzima. Nikamwuliza kupitia ukuta, akasema ni joto. Asubuhi moja nikamsikia ana kwikwi, na kwikwi ile haikuisha. Nikatoka jikoni, nikamwangalia bila kuomba ruhusa, kwa mara ya kwanza. Uso ulikuwa umevimba. Mikono ameshika chini ya tumbo, na lile tumbo lilisimama chini ya shati kama la mama aliyefikisha miezi. Nikajua hapo hapo. Mkojo ulikuwa umemzibia, na si kwa siku hiyo tu.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo kubwa. Kuna mpira mwembamba, wao wanauita sonde. Unaupitisha taratibu, mkojo unatoka, mzee analia kwa raha na kukubariki mpaka wajukuu. Kazi hiyo nimeifanya sijui mara ngapi. Sonde ilikuwepo kabatini. Titulere alikuwa Kasongo mkutanoni.

Nilimwita baba mdogo, mdogo wake mzee, tukamfikisha kituoni. Yeye anamshika, mimi natembea nyuma. Akamlaza. Nikaosha mikono, nikaja na chombo changu, na mzee akavuta shuka mpaka shingoni akalishika kwa ngumi zote mbili.

"Mama," akaniambia, anatazama ukutani, "wewe ni munganga ya watu wote. Kwangu wewe ni muke ya mutoto wangu. Ukiniona hivi, nitakaa wapi?"

Nilimbembeleza. Nilimwambia Mungu haoni ubaya. Nilimwambia nitafumba macho, nikamwambia mbuzi tutatoa baadaye, mimi mwenyewe nitamnunua. Baba mdogo naye akatikisa kichwa: mbuzi ni wa mume. Tukamtuma mtu wa pikipiki Salamabila kumwita mume wangu, na wote tulijua kwamba hata akipaa hawezi kufika siku ile. Nilimchukia mume wangu. Nilimchukia kabisa, yeye na dhahabu ya watu anayoifuata.

Nikatafuta njia nyingine. Nikafunga kikwembe changu, kitenge cha kujifunga, kwenye kamba katikati ya chumba, mzee upande wa kule, mimi upande wa huku, nikamwita sentinele akae kwa mzee. Mtu mwema, mwenye mikono minene ya kushika panga. Nikamvalisha glavu, nikaipaka sonde mafuta, nikamwambia kila kitu kupitia kile kitambaa: shika hivi, inua, sukuma polepole, ukisikia inagoma usilazimishe. Nilikuwa nasikia pumzi zake. Nilikuwa nasikia mzee anauma meno. Sentinele akasema imegoma. Nikamwambia rudisha kidogo, geuza. Akasema, munganga, ninaona damu. Nilisimama pale na mikono yangu mitupu, hatua moja kutoka kwa mgonjwa wangu, mikono inayojua, nikaambiwa damu inatoka wapi kwa maneno. Nikamwambia aache.

Ikabaki Kasongo. Kule kuna daktari mwanamume, na njia ni moja tu, kwa hiyo labda tungekutana na titulere anarudi. Huku mgonjwa anasafirishwa kwa pikipiki, anakaa katikati: mbele dereva, nyuma ndugu wa kumshika, kitambaa kinawafunga wote pamoja. Kazi ya kukaa nyuma na kushika ni ya muuguzi. Safari hii alikaa baba mdogo. Mimi nilipanda pikipiki ya pili, nikiwa na begi la vyombo, natazama kofia ya sufu inavyolala begani kwa dereva na kuinuka, kulala na kuinuka. Kila pikipiki iliyotoka mbele niliinua mkono. Mfanyabiashara wa mafuta ya mawese. Mwalimu na kuku wake. Mchimbaji kijana na redio. Kila mmoja alisimama, akatazama, akasema pole, akatuambia titulere hajamwona.

Tulikuwa hatujafika nusu ya njia kofia ilipolala ikakaa. Dereva akasimama. Tukamshusha chini ya kivuli cha mianzi, tukamtandikia vikwembe. Nikamwita baba, hakuitika. Ngozi inachoma kama chungu. Baba mdogo akamtazama kaka yake, akanitazama mimi, kisha akawaambia madereva waende kutafuta maji mtoni. Maji tulikuwa nayo. Walipoondoka, akatugeuzia mgongo, akasema bila kugeuka:

"Fanya kazi yako, mama."

Niliifanya. Nilitoa sonde begini, nikaipaka mafuta. Ilipita mara moja, kama vile hapakuwa na kizuizi chochote. Mkojo ukatoka, mweusi, una damu, mwingi, unaingia ardhini pale kwenye majani ya mianzi. Nilimfunika kikwembe kabla haujaisha kutoka. Nililia na kucheka pamoja, nikimwambia, umeona baba, umeona, ni kitu kidogo tu.

Akafumbua macho. Kwa muda mdogo tulitazamana, mimi na yeye, uso kwa uso, kitu ambacho hatukuwahi kukifanya tangu niingie nyumba ile. Macho yake yalikuwa ya kahawia hafifu. Sikuwa najua. Halafu mkono wake ukapapasa, ukaipata kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi. Akakohoa. Kikohozi kimoja kikavu, kile kile.

Mwili wangu ukafanya ulichozoea. Nikainamisha kichwa, nikasogea pembeni apite. Nilipoinua kichwa, kifua chake kilikuwa kimetulia.

Tulimrudisha Kabambare vile vile alivyotoka, amekaa katikati. Kwenye matanga wanawake wa ukoo walianza kunong'ona, wanataka kujua sonde ile iliyoonekana ilipitishwa na nani. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, tayari kuwajibu vibaya, mnanijua. Baba mdogo akasimama mbele ya watu wote akasema ni yeye aliyeipitisha, kwa mikono yake, na mwenye neno amwambie yeye. Mtu asiyejua hata kushika kipimajoto. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mpaka leo hatujalizungumza, mimi naye, na nikimpikia namwekea kigodani kama nilivyokuwa namwekea kaka yake.

Mume wangu alifika mzee ameshazikwa. Alikuja na mbuzi, amemfunga nyuma ya pikipiki. Nilimfungua yule mbuzi kamba, nikampa maji, nikaingia jikoni, nikakaa na mgongo wangu kwenye ukuta.

Titulere alirudi siku tunayochimba kaburi. Alikuwa amengoja dawa Kasongo, hazikuja. Nilitaka kuacha kazi, nikaenda kumwambia. Nikamwambia kwamba kama nisingeajiriwa, yeye asingekwenda mkutanoni, na kama asingekwenda, mzee angekuwa hai anaosha sahani yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Ile siku ya mwisho ya benchi, baada ya lile neno la muhogo, yeye alimwuliza mzee kwa utani: na siku wewe ukiugua mimi nisiwepo, mkwe wako atakutibu vipi, na nyinyi mna miko yenu? Mzee akajibu:

"Mimi ni mutu mumoja. Kabambare iko na watu wengi."

Halafu akavaa kofia yake akaenda nyumbani kuniambia, kupitia ukuta, kwamba kesho niipige sare pasi.

Sikuacha kazi. Niko bado pale, na sasa kadi za Kifaransa nazijaza bila kuuliza. Shida yangu ni moja, na haina dawa kabatini. Kituo cha afya ni mahali pa kukohoa, watu wanakohoa kutwa nzima, wakubwa kwa watoto, na nimeshazoea. Lakini akipita mzee akakohoa mara moja tu, kikohozi kikavu, huko nje kabla ya kuingia, kichwa changu kinainama chenyewe na miguu inasogea ukutani. Wagonjwa wapya wananishangaa. Wa zamani wanangoja mpaka niinue uso.